Mnada wa magari Japani: hesabu huanza kabla ya dau

Saa kumi alfajiri, wakati Kampala, Nairobi na Dar es Salaam zingali usingizini, Japani huwa ni saa nne asubuhi na minada ya magari yaliyotumika imekwisha kufunguliwa. Mjini Noda, katika mkoa wa Chiba ulio jirani na Tokyo, mnada mkubwa wa kampuni ya USS hufanyika kila Alhamisi, na kwa siku moja tu magari zaidi ya 10,000 huweza kupita mbele ya wanunuzi. Hakuna mnadi anayepaza sauti wala nyundo inayogongwa mezani. Picha ya gari hutokea kwenye skrini, wanunuzi hubonyeza vitufe, bei hupanda kwa yeni elfu chache kila kibonyezo, na kabla ya dakika moja kwisha gari limepata mwenyewe.

Sehemu kubwa ya magari madogo yanayoteremshwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na yale yanayoendelea na safari hadi Uganda na mashariki ya Kongo, yalipita katika kumbi za namna hiyo. Zamani mnunuzi wa Afrika Mashariki alilikuta gari likiwa tayari limeegeshwa yadi, bei imebandikwa kwenye kioo. Siku hizi mwalimu wa Mbarara au mfanyabiashara wa Arusha hufungua simu yake, huona magari yatakayonadiwa kesho, na humtuma wakala atoe dau kwa niaba yake. Faida huweza kuwa kubwa, kwa kuwa dalali mmoja au wawili wameondoka njiani. Lakini akiba ya miaka mitano hulipwa kwa gari ambalo mnunuzi hajaligusa, lililo bara jingine, na ambalo haliwezi kurudishwa.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mtu wa kawaida, awe Mjapani au mgeni, haruhusiwi kunadi mwenyewe katika minada hii. Ni ya wanachama, na mwanachama sharti awe na leseni ya biashara ya vitu vilivyotumika. Kwa hiyo kila tovuti inayomwambia mnunuzi wa ng'ambo kuwa atashindana moja kwa moja mnadani ni tovuti ya wakala, na kumchagua wakala ni uamuzi mzito kuliko kulichagua gari.

Kwa nini magari mazima huuzwa? Sheria ya Japani inalitaka gari la kawaida lifanyiwe ukaguzi rasmi, uitwao shaken, miaka mitatu tangu lisajiliwe likiwa jipya, na baada ya hapo kila miaka miwili. Ukaguzi huo pamoja na kodi na bima zinazoambatana nao ni ghali, na wenye magari wengi huona afadhali kuuza kabla ya tarehe kufika. Ndiyo maana gari lisilo na hitilafu yoyote kubwa huweza kufika mnadani. Lakini si yote yaliyo hivyo, na tofauti kati ya zima na bovu imeandikwa katika ukurasa mmoja.

Karatasi ya mnada

Kila gari hukaguliwa na mkaguzi wa ukumbi wa mnada kabla ya kuuzwa, na matokeo huandikwa kwenye karatasi ya mnada. Karatasi hiyo ndiyo macho ya mnunuzi aliye mbali. Picha zinazopambwa kwenye tovuti hazina uzito huo, kwani rangi iliyong'arishwa huficha mengi.

Juu ya karatasi, pembeni, kuna alama ya jumla. Gari la 5 au 4.5 ni zuri sana, la 4 ni zuri lenye kasoro ndogo, la 3.5 limechakaa kiasi, na kuanzia 3 kushuka chini mnunuzi anapaswa kuuliza maswali mengi. Herufi R au RA humaanisha kuwa gari liliwahi kupata ajali au pigo lililogusa sehemu za umbo lake la ndani, kisha likatengenezwa. RA kwa kawaida ni pigo dogo zaidi. Gari la R si lazima liwe bovu, na bei yake huwa nafuu, lakini aliyelinunua bila kujua kuwa ni R amedanganywa. Herufi nyingine, kuanzia A hadi D au E, huhukumu hali ya ndani: viti, dari na dashibodi. Vilevile kumbi hazitoi alama kwa mkono mmoja. 4 ya ukumbi mkali huweza kuwa bora kuliko 4 ya ukumbi mlegevu.

Chini yake kuna mchoro wa gari uliotawanywa herufi na tarakimu. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni dalili kuwa sehemu hiyo ilinyooshwa na kupakwa rangi upya, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati. X hudai sehemu ibadilishwe, na XX husema imekwisha kubadilishwa. Tarakimu inayofuata huonyesha ukubwa: A1 ni mkwaruzo mdogo ambao barabara ya vumbi ingeutia katika wiki ya kwanza, lakini U3 ni jambo jingine. Wanunuzi wengi huhangaishwa na A nyingi zisizo na madhara, wakaipita S moja chini ya gari. Magari yaliyoishi Hokkaido na sehemu nyingine za theluji hupita katika barabara zinazomwagwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hiyo hula chuma kuanzia chini, mahali ambapo hakuna picha inayopigwa.

Mwaka wa gari nao huwatega wasomaji. Wajapani huhesabu kwa enzi za wafalme wao, na mara nyingi karatasi huandika H27 au R2. H ni enzi ya Heisei: ongeza 1988, na H27 inakuwa 2015. R ni Reiwa, iliyoanza Mei 2019: ongeza 2018, na R2 inakuwa 2020. Kwa hiyo R katika kisanduku cha mwaka ni habari njema ya gari changa, ilhali R katika kisanduku cha alama ni habari ya ajali.

Kuhusu kilomita, alama kama nyota, dola au reli iliyowekwa kando ya tarakimu ni onyo kwamba mita ilibadilishwa, ilichezewa, au haiaminiki. Wapo mawakala wasio waaminifu wanaofuta alama hizo, wakapandisha 3.5 ikawa 4.5, au wakamtumia mteja tafsiri yao tu bila karatasi yenyewe. Mnunuzi hudai picha ya karatasi asilia ya Kijapani, inayoonyesha jina la ukumbi, tarehe na namba ya gari mnadani, kisha humpa msomaji mwingine wa Kijapani asiyehusika na mauzo. Zipo huduma za kulipia za kuhakiki karatasi kwa namba ya chesisi, na gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya gari.

Bei ya kushinda na bei ya kufika

Hapa ndipo wengi huumia, na si kwa kuibiwa bali kwa hesabu. Mnunuzi anayefurahi kulipata gari kwa bei ya chini hudhani kuwa ushuru nao utakuwa wa chini. Sivyo. Mamlaka ya Mapato ya Kenya hukadiria thamani kutokana na orodha yake ya bei za rejareja za magari mapya, kisha hupunguza uchakavu kwa kufuata umri. Mamlaka ya Mapato Tanzania huweka katika tovuti yake kikokotoo kinachotoa thamani na kodi kwa aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini. Uganda nayo ina kikokotoo cha namna hiyo. Stakabadhi ya mnada yenye bei ya kutupa haiwatikisi maofisa wa forodha.

Kwa sababu hiyo, dau huhesabiwa kutoka nyumbani kwenda Japani, si kutoka Japani kuja nyumbani. Chukua mfano wa mtu mwenye dola 9,000 kwa jumla. Tarakimu zifuatazo ni za kuonyesha njia tu. Kikokotoo kikimwambia kodi zote ni 3,600, zimebaki 5,400. Wakala wa forodha, bandari na namba za usajili zikichukua 600, zimebaki 4,800. Meli na bima 1,300, zimebaki 3,500. Ada ya ukumbi, usafiri wa ndani ya Japani na malipo ya wakala 700, zimebaki 2,800. Akitenga 300 za matairi, betri na fundi wa kwanza, dau lake la mwisho ni dola 2,500, kwa yeni za siku ya kulipa. Aliyeanza kwa kuliona gari la 4,000 akalipenda, hujikuta analiacha bandarini.

Dau hilo hulinganishwa na matokeo ya mauzo yaliyopita, ambayo mawakala wengi huwafungulia wateja waliosajiliwa: gari la aina ileile, mwaka uleule na alama ileile liliuzwa kwa ngapi miezi hii michache? Kisha mnunuzi humwandikia wakala bei ya juu kabisa kabla ya mnada, akalala. Kupandisha dau usiku huohuo kwa kuwa mtu mwingine amepandisha ni kosa lenye jina. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta nchini Marekani walichunguza minada ya vitalu katika Ghuba ya Meksiko, wakaona kuwa mara nyingi anayeshinda ni yule aliyekosea zaidi kukadiria thamani. Wachumi huiita laana ya mshindi. Magari hayana uhaba wa vitalu vya mafuta. Alhamisi ijayo yatakuja mengine maelfu.

Wakala naye huulizwa mapema kama hesabu ya mwisho itakuwa bei halisi ya mnada pamoja na ada iliyotajwa, au ni bei moja ya jumla. Katika njia ya pili, gari likipatikana kwa chini ya dau, tofauti hubaki mfukoni mwake.

Sheria za nchi nazo haziko sawa. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8, na kila Januari kikomo husogea mwaka mmoja, kwa hiyo gari la mwaka wa mwisho unaokubalika, likinunuliwa Novemba na meli ikachelewa, huweza kufika likiwa limekwisha kuharamishwa. Uganda, tangu 2018, imezuia magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, na yaliyo chini ya hapo lakini makuukuu hutozwa tozo ya mazingira. Tanzania huongeza ushuru kwa yaliyozidi miaka 8, na kuuzidisha tena baada ya 10. Kwa upande wa Rwanda, ambako huendeshwa kulia, gari dogo la usukani wa kulia kwa kawaida halisajiliwi, na ndiyo maana wanunuzi wa huko hutazama zaidi Korea Kusini, Ulaya na Dubai.

Fedha inapoondoka

Malipo ya haki hufanyika kwa benki, kwa akaunti yenye jina lilelile la kampuni iliyotoa ankara. Hila iliyozoeleka ni barua pepe inayofika baada ya ankara, ikisema kuwa kampuni imebadili benki kwa sababu ya ukaguzi wa hesabu. Mara nyingi mwizi ameingia katika mawasiliano na anajua hata namba ya chesisi. Barua kama hiyo haijibiwi. Kampuni hupigiwa simu kwa namba iliyojulikana tangu mwanzo. Jumuiya ya wauzaji wa magari yaliyotumika nje ya Japani, JUMVEA, huweka orodha ya wanachama wake wazi katika tovuti yake, na kampuni inayojidai kuwa mwanachama huweza kuhakikiwa humo kwa dakika chache.

Dau likishashinda, kughairi kuna faini. Kasoro ambayo karatasi haikuitaja huweza kulalamikiwa kwenye ukumbi, lakini ndani ya siku chache tu na kupitia kwa wakala. Mnunuzi mwangalifu humwagiza alikague gari mara lifikapo yadi yake, awashe injini, apige picha za chini ya gari na za mita, kabla halijapakiwa. Baada ya meli kung'oa nanga hakuna wa kulalamikiwa.

Nyaraka hutangulia. Hati ya shehena na cheti cha Japani cha kufuta usajili, kinachoonyesha mwezi gari liliposajiliwa kwa mara ya kwanza, hupaswa kumfikia mnunuzi na wakala wake wa forodha meli ikiwa bado baharini, kwani siku za bure bandarini ni chache na baada yake ada ya kuhifadhi huhesabiwa kila siku. Siku ya kulipokea gari, namba iliyogongwa kwenye chesisi husomwa kwa macho, tarakimu kwa tarakimu, na kulinganishwa na hati zote mbili kabla ya sahihi kutiwa.