Picha Zilizobaki na Mashahidi Waliokutana



Mama Kanisa anatufundisha kwamba kuwaombea marehemu ni tendo la huruma. Lipo tendo jingine linaloandamana nalo, ambalo sisi hulisahau upesi: kusema ukweli juu yao. Juma hili tunapenda kulitafakari jambo hilo kwa kuitazama historia ya manowari moja ya Marekani, USS Indianapolis, picha zilizopigwa ndani yake wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na mikutano ya mabaharia walionusurika nayo.

Manowari hiyo ilianza kazi mwaka 1932. Wakati wa vita katika Bahari ya Pasifiki, Admirali Raymond Spruance aliitumia kama meli yake ya uongozi, na kwa hiyo ilikuwapo katika mapigano makubwa ya Tarawa, Saipan, Iwo Jima na Okinawa. Miongoni mwa wahudumu wake alikuwamo mpiga picha wa meli, Alfred Sedivi. Kazi yake ilikuwa kuyaandika maisha ya meli kwa kamera, vita na siku za kawaida pia. Picha nyingi alizozipiga zilifika nchi kavu na zimehifadhiwa hadi leo. Mwenyewe hakurudi. Hivyo tunawaona vijana wengi kwa macho ya mtu aliyezama pamoja nao.

Tarehe 31 Machi 1945, karibu na Okinawa, rubani wa Kijapani aliyejitoa mhanga aliigonga meli hiyo kwa ndege yake, na mabaharia 9 wakafariki. Meli ilirudi California kutengenezwa. Inasimuliwa kwamba padre wa meli, Thomas Conway, mzaliwa wa Waterbury, Connecticut, aliyepewa daraja ya upadre mwaka 1934 kwa ajili ya Jimbo la Buffalo, aliitumia likizo yake kuzitembelea familia za hao 9 na kuzifariji.

Tarehe 10 Julai 1945 Jeshi la Majini liliipiga picha manowari hiyo nje ya karakana ya Mare Island, imekwisha kutengenezwa. Ni kati ya picha zake za mwisho kabisa. Siku chache baadaye iling'oa nanga San Francisco ikiwa na shehena ya siri, ambayo mabaharia wenyewe hawakuijua: sehemu za bomu la atomiki litakaloangushwa Hiroshima. Iliishusha katika kisiwa cha Tinian tarehe 26 Julai, ikapitia Guam, kisha ikaelekea Leyte, Ufilipino, bila meli ya kuisindikiza.

Muda mfupi baada ya saa sita ya usiku, kuamkia tarehe 30 Julai, nyambizi ya Japani I-58 iliipiga kwa topido mbili. Ilizama kwa dakika 12 hivi. Ndani yake walikuwamo watu 1,195. Wapatao 300 walizama nayo, na karibu 900 waliachwa majini, wengi wakiwa na maboya ya kifuani tu. Meli ilipokosa kufika Leyte, hakuna aliyeuliza. Kwa siku nne watu hao walielea chini ya jua kali, bila maji ya kunywa, wakiwa na majeraha, huku samaki aina ya papa wakiwazunguka. Tarehe 2 Agosti rubani mmoja aliyekuwa katika doria yake ya kawaida aliwaona kwa bahati. Waliookolewa wakaishi ni 316.

Padre Conway alikuwa miongoni mwa walioelea. Mashahidi walisema kwamba hakutulia mahali pamoja. Aliogelea kutoka kundi hadi kundi, akawarudisha waliokuwa wakipeperuka, akasali nao na kuwatia moyo wasijiachie, hata alipokwisha nguvu siku ya tatu hivi. Akafariki palepale majini, akiwa na umri wa miaka 37. Hakuna picha ya tendo hilo. Kamera ya Sedivi ilikuwa imenyamaza, na bahari haina kumbukumbu. Kila tunachokijua kuhusu mwisho wa padre huyo tumekipokea kutoka midomoni mwa wenzake waliobaki.

Hapa ndipo tunapouona uzito wa mikutano yao. Habari za kuzama kwa meli zilitangazwa tarehe 14 Agosti 1945, siku ileile ambayo Marekani ilitangaza kwamba Japani imekubali kushindwa. Watu walikuwa wakicheza barabarani, na msiba wa familia 879 ukafunikwa na vigelegele. Desemba mwaka huohuo nahodha, Charles McVay, alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi na kutiwa hatiani kwa kuihatarisha meli, kwa kuwa hakuiamuru iende kwa kupindapinda ili kumkwepa adui. Kamanda wa nyambizi iliyoizamisha, Mochitsura Hashimoto, aliitwa kutoka Japani kutoa ushahidi, akasema kwamba hata kupindapinda kusingeiokoa. Hukumu ilibaki. Adhabu ilifutwa mwaka 1946, lakini doa halikufutwa. Kwa miaka mingi McVay alipokea barua kutoka kwa jamaa za waliokufa, zikimlaumu kwa kifo cha watoto wao.

Mabaharia wenyewe walinyamaza. Wengi walioa, wakalea watoto, wakafanya kazi, na hawakusimulia kitu hata kwa wake zao. Ni baada ya miaka 15, mwaka 1960, walipokutana kwa mara ya kwanza katika mji wa Indianapolis. Mmoja wa waandaaji alikuwa Giles McCoy, aliyekuwa askari katika meli hiyo. Nahodha naye alialikwa, akaja akiwa na wasiwasi jinsi atakavyopokewa. Vijana wake wa zamani walimpokea kwa heshima, kama nahodha wao. Wao walikuwapo usiku ule, na hawakumwona kuwa na hatia.

Hata hivyo, heshima ya wenzake haikutosha kuuponya moyo uliojeruhiwa kwa miaka mingi. Mwaka 1968 McVay alijiua. Tunalitaja jambo hili kwa unyenyekevu, tukikumbuka kwamba Kanisa halikati tamaa ya wokovu wa ndugu kama hao bali huwaombea. Tunajifunza pia kwamba ukweli unaochelewa unaweza kumkuta mhusika amekwisha kuondoka.

Wenzake hawakuacha. Waliendelea kukutana, mara ya kwanza kwa kupitisha miaka mingi, baadaye mara kwa mara zaidi, na kila walipokutana viti vitupu viliongezeka. Mikutano hiyo iligeuza machozi ya mtu mmoja mmoja kuwa ushahidi wa wengi. Mwaka 1995 walizindua mnara wenye majina ya wahudumu wote wa meli. Walimpokea mwanafunzi kijana wa Florida, Hunter Scott, aliyekuwa akichunguza habari zao kwa ajili ya kazi ya shule, wakampa nyaraka na simulizi zao. Mwaka 1999 Hashimoto, akiwa mzee, aliandika barua ya kumtetea nahodha ambaye zamani alikuwa adui yake. Mwaka 2000 Bunge la Marekani lilitamka kwamba McVay hana hatia, na mwaka 2001 Jeshi la Majini likaweka tamko hilo katika kumbukumbu zake. Mabaki ya meli yalionekana Agosti 2017, katika kina cha mita 5,500 hivi. Na Januari 2021 Padre Conway alitunukiwa Msalaba wa Jeshi la Majini, zaidi ya miaka 75 baada ya kifo chake, kwa nguvu ya ushuhuda wa wale aliowatia moyo.

Ndugu wapendwa, bahari hizo haziko mbali nasi kama tunavyodhani. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na visiwa vya Maldivi. Walikufa watu wapatao 1,300, na wengi wao walikuwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Hao ni babu zetu. Ni nani katika parokia zetu anayeyajua majina yao? Wengine wa kizazi hicho walikwenda Burma na kurudi, wakanyamaza kama mabaharia wa Indianapolis, wakazikwa na simulizi zao.

Picha hutunza sura, lakini haiwezi kujitetea wala kujieleza. Ikikosa mtu wa kusema, "Huyu ni fulani, na mambo yalikuwa hivi," baada ya kizazi kimoja inakuwa karatasi tu. Basi tunawaomba juma hili mfanye jambo dogo. Toeni picha za zamani zilizomo sandukuni, mketi na mzee wa nyumba, mwandike nyuma ya kila picha jina, mahali na mwaka. Na kama katika ukoo yupo marehemu aliyesingiziwa jambo, nanyi mnaujua ukweli, usemeni wakati wahusika wangali hai kuusikia. Kisha yapelekeni majina hayo yote altareni, yaombewe katika Misa.

Mungu awape marehemu wote wa baharini pumziko la milele, nasi atujalie ndimi za kweli. Amina.