Mwandishi wa Habari na Serikali: Historia ya Kazi Moja katika Njombe na Makambako

Katika nchi ambamo gazeti la Kiswahili lililosomwa kuliko mengine lilikuwa kwa miaka mingi gazeti la serikali, si ajabu kwamba mwandishi wa habari alichukua muda mrefu kujijua kuwa ni mtu wa namna gani. Fundi hupewa jina la ufundi wake na yule aliyemfundisha. Mwandishi wa habari wa Tanganyika alilipata jina lake kwanza kutoka kwa mtawala. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi jina hilo lilivyobadilika maana, kwa kutazama hasa Njombe na Makambako.

Mambo Leo, gazeti la serikali ya Waingereza, lilianza mwaka 1923. Habari za wilayani zililetwa aghalabu na walimu na makarani, watu waliokuwa na kazi nyingine ya kuwapa riziki. Fahari yao ilikuwa Kiswahili safi na jina lililopigwa chapa. Kumhoji Bwana Shauri hakukuwa sehemu ya kazi yao. Njia nyingine ilionyeshwa na Erica Fiah, aliyeanzisha Kwetu mwaka 1937, na baadaye na Sauti ya TANU, iliyoanza mwaka 1957. Kwa maneno yaliyochapwa humo juu ya maofisa wa serikali, Julius Nyerere alishtakiwa mwaka 1958 na kutozwa faini. Hivyo kabla ya uhuru palikuwa na mifano miwili: mwandishi aliye karani wa serikali, na mwandishi aliye mpinzani wake.

Baada ya uhuru mpinzani wa jana akawa ndiye serikali, na mifano ile miwili ikaunganishwa kuwa mmoja. Uhuru lilikuwa gazeti la chama. Mwaka 1965 utangazaji ukawa idara ya serikali kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka 1970 gazeti la Standard lilitaifishwa, na Frene Ginwala akawekwa kuwa mhariri. Mwaka 1971 aliondolewa baada ya tahariri iliyoilaumu serikali ya Sudani. Mwaka 1972 gazeti hilo liliunganishwa na Nationalist, likawa Daily News. Mwaka 1976 ikaja Sheria ya Magazeti, na mwaka huo huo likaundwa Shirika la Habari Tanzania, SHIHATA, ambalo sasa halipo tena.

Njombe wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Iringa, nayo Makambako ilikuwa ikikua penye njia panda ya barabara kuu iendayo Zambia na ile iendayo Songea. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilipita hapo na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Habari zilizotakiwa kutoka sehemu kama hizo zilikuwa za maendeleo: reli, vijiji vya ujamaa, mbolea, kisomo. Haifai kuwadharau walioziandika. Wengi waliamini kwa moyo kwamba kujenga taifa ndiyo kazi yao, na kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, iliwafikia watu wazima wapatao milioni mbili nchini kote. Lakini imani hiyo ilikuwa na gharama yake: mwanakijiji aliyehamishwa pasipo kupenda hakuwa na mahali pake katika habari ya maendeleo.

Gharama hiyo huonekana katika sarufi yenyewe. Sentensi ya kwanza ya habari nyingi za wilayani huwa hivi: Mkuu wa Wilaya amewataka wananchi wafanye jambo fulani. Mtendaji ni mkubwa. Wananchi ni watendwa. Vitenzi vinavyofuata ni vya ukoo mmoja: amewaasa, amewaagiza, amewaonya. Mwandishi hajadanganya neno hata moja, kwa kuwa mkubwa amesema kweli hayo. Lakini ameshamchagulia msomaji mahali pa kusimama. Mtindo huo haukufa pamoja na chama kimoja, wala hauhitaji mkaguzi wa serikali kuulinda.

Tena, Njombe mwandishi husikia mengi kwa Kibena, na Makambako, mji wa wafanyabiashara, kwa Kikinga na Kihehe pia. Redio zenye leseni hutangaza kwa Kiswahili au Kiingereza. Basi kila malalamiko ya mkulima hutafsiriwa kabla ya kuwa habari, na katika kutafsiri ndipo ukali hupunguzwa au huhifadhiwa. Uamuzi huo mdogo, ambao hakuna sheria inayoutaja, ndio shule ya kwanza ya mwandishi.

Vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992, magazeti na redio za watu binafsi ziliongezeka. Baraza la Habari liliundwa mwaka 1995, na waandishi wa mikoani wakaanzisha klabu zao. Hapo mwandishi alianza kupata jina lake kutoka kwa wenzake. Hata hivyo wengi wa mikoani hulipwa kwa kila habari inayotoka, na posho ya mwenye mkutano huweza kufanya kazi iliyofanywa zamani na amri.

Jaribio kubwa lilikuja tarehe 2 Septemba 2012: katika kijiji cha Nyololo, kati ya Mafinga na Makambako, Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa Iringa, aliuawa mikononi mwa polisi akiwa kazini kwenye shughuli ya CHADEMA. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Waandishi waliandamana kwa ajili ya mwenzao, wa vyombo mbalimbali pamoja. Wakajitambua kuwa kundi moja lenye msiba mmoja.

Mwaka huo huo wa 2016 Sheria ya Huduma za Habari iliweka bodi ya kuwaidhinisha waandishi. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliona baadhi ya vifungu vyake vinapingana na Mkataba wa Jumuiya. Serikali, basi, bado yataka kumpa mwandishi jina lake. Yaweza kumpa kitambulisho. Lakini nani awe mtendaji wa sentensi yake ya kwanza, hilo huamuliwa na mwandishi mwenyewe, kila siku, katika chumba cha habari cha Njombe kama cha Dar es Salaam.