Tulipovunja Halmashauri

Tarehe 1 Julai 1972 wananchi wa wilaya za Tanzania Bara waliamka hawana halmashauri. Madiwani waliowachagua hawakuwa tena na baraza la kukaa, na majukumu yao yote, kuanzia barabara hadi zahanati, yakawa mikononi mwa wakurugenzi wa maendeleo walioteuliwa na Serikali. Muda mfupi baadaye ikafika zamu ya miji. Mpango huo uliitwa Madaraka Mikoani, na walioutangaza walikuwa na nia njema kabisa: kuyatoa maamuzi kwenye ofisi za wizara Dar es Salaam na kuyasogeza kwa watu.

Hoja ya Mwalimu Julius Nyerere, aliyoieleza kwenye andiko lake la mwaka huo, haikuwa nyepesi. Jambo dogo la wilayani lilisubiri kibali cha wizara. Bwana shamba, mganga na mhandisi wa wilaya moja kila mmoja alikuwa na bosi wake Dar es Salaam, na hakuna aliyelazimika kukaa na mwenzake wapange pamoja. Mkulima hakuwa na pa kushika.

Halmashauri zenyewe zilikuwa hoi. Mizizi yake ilikuwa ya kikoloni. Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron aliwapa machifu mamlaka ya kutawala na hazina zao wenyewe, chini ya jicho la mkuu wa wilaya Mwingereza, na mwaka 1953 ikaja sheria iliyofungua njia ya mabaraza ya kuchaguliwa. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, mamlaka ya machifu yakafutwa. Halmashauri changa zikarithi shule za msingi, zahanati na barabara za wilaya, kazi nzito kuliko mifuko yao. Zilitegemea zaidi kodi ya kichwa na ushuru wa mazao. Kodi hizo zilimuumiza mkulima maskini, na Serikali ilizifuta, ya kwanza mwaka 1969 na ya pili mwaka 1970. Mkulima alipumua. Lakini gharama za elimu, afya na barabara zikahamia Serikali Kuu, na mwenye kulipa ndiye mwenye kuamua. Sheria ya 1972 ilivunja vyombo ambavyo tayari vilikuwa vimenyang'anywa chakula.

Mfumo mpya ulisanifiwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Wanasiasa wazito, wengine wao mawaziri, walipelekwa kuwa wakuu wa mikoa. Kila mkoa ukapewa fungu lake la bajeti na mkurugenzi wa maendeleo, na kila wilaya na mkurugenzi wake. Ofisi ya Waziri Mkuu, aliyekuwa Rashidi Kawawa, ikawa kiungo cha mikoa yote. Ukiutazama kwenye karatasi, huo ni ugatuaji.

Mimi nasema haukuwa. Madaraka yaliondoka Dar es Salaam kweli, lakini yaliishia bomani. Mipango iliandikwa na wataalamu, ikapanda mkoani, ikaenda kwa Waziri Mkuu, ikasubiri Hazina. Halmashauri za maendeleo za wilaya zilikuwapo, zenye wajumbe wa kuchaguliwa, ila kazi yao kubwa ilikuwa kushauri. Mtu wa Newala au Kasulu aliyechukizwa na barabara mbovu hakuwa na wa kumnyima kura. Afisa aliyehusika alitumwa na wengine na angehamishwa na wengine. Kumsogeza mtawala karibu na wananchi hakumfanyi awajibike kwao.

Mijini ndiko madhara yalikoonekana upesi. Jiji la Dar es Salaam lilipoteza halmashauri yake, likagawanywa katika wilaya tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, zilizoendeshwa kwa mfumo uleule uliobuniwa kwa ajili ya vijiji na mashamba. Taka hazizolewi kwa mpango wa maendeleo ya kilimo. Mitaro iliziba, magari ya zimamoto yakakosa matengenezo, taa za barabarani zikafa. Kisha kipindupindu kikaingia. Ugonjwa huo, unaosafiri katika maji machafu, ulionyesha kazi ya halmashauri ya mji kuliko hotuba yoyote. Mwaka 1978 Bunge likapitisha sheria ya muda ya kuzirudisha halmashauri za miji.

Vijijini walisubiri zaidi. Mwaka 1980 CCM iliweka suala hilo kwenye ilani yake ya uchaguzi, mwaka 1982 zikatungwa sheria mpya za serikali za mitaa, namba 7 ya wilaya, namba 8 ya miji na namba 9 ya fedha, na mwanzoni mwa 1984 halmashauri zikaanza kazi tena. Mwaka huohuo Nyerere, akiwa bado madarakani, alikiri hadharani kwamba kama angeanza upya asingevunja serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Ni viongozi wachache mno waliowahi kusema hivyo kabla ya kustaafu, na naona heshima yake imeongezeka kwa kauli hiyo.

Kilichorudi 1984, hata hivyo, hakikuwa kizima. Ibara za 145 na 146 za Katiba sasa zinazitambua serikali za mitaa na kusema lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mfuko ndio uliobaki na utata. Halmashauri zilirudi pamoja na kodi ya maendeleo, ambayo kwa wengi ilikuwa ni kodi ya kichwa kwa jina jingine, na mgambo wakawa wanawakimbiza wasiolipa. Ikafutwa mwaka 2003, na hakuna aliyeililia, lakini pengo likajazwa kwa ruzuku kutoka Hazina. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ukahamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 mwananchi anakatwa kodi hiyo kwenye umeme wa LUKU, ambapo mwaka huo ilianzia shilingi 1,000 kwa mwezi. Kwa ukusanyaji ni njia nyepesi. Ila fedha iliyokuwa ikimfanya mwenye nyumba wa Tandika aende kumuuliza diwani wake habari za mtaro, sasa haipiti tena mbele ya diwani.

Na mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ndiye mtendaji wake mkuu, bado huteuliwa na Rais. Madiwani humchagua mwenyekiti au meya, hupitisha bajeti na huhoji matumizi. Lakini hata baraza lao laweza kuvunjwa. Jiji la Dar es Salaam, lililovunjiwa halmashauri miaka ya sabini, likavunjiwa tena mwaka 1996 na kuwekewa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Februari 2021 Rais John Magufuli akaivunja Halmashauri ya Jiji, iliyokuwa imerudishwa, na kuipandisha Manispaa ya Ilala kuwa jiji. Katika mara zote hizo, uamuzi ulitoka juu, na wapiga kura wa jiji wakaupata kama taarifa.