Upasuaji wa kurekebisha vipandikizi vya matiti

Vipandikizi vya matiti ni vifuko vya silikoni vilivyojazwa jeli ya silikoni au maji ya chumvi. Huwekwa nyuma ya titi au chini ya msuli wa kifua. (Si kile kijiti cha uzazi wa mpango cha mkononi, ingawa nacho huitwa kipandikizi.) Havidumu maisha yote. Kadiri miaka inavyopita, uwezekano wa kurudi kwenye upasuaji huongezeka.

Wengi huomba marekebisho kwa sababu matiti yanaonekana ya duara mno, au ngozi imelegea baada ya kuzaa huku kipandikizi kimebaki juu. Daktari anaweza kuweka kidogo zaidi, kukihamishia chini ya msuli, kuinua titi, au kujazia mafuta yaliyovutwa tumboni au mapajani. Anaweza pia kuvitoa vyote bila kuweka vingine. Hili la mwisho halitajwi sana kliniki, nami naona ni vizuri uliulizie. Titi litakuwa dogo na huenda likalegea, lakini hutakuwa na kifaa cha kufuatilia tena.

Kama shida ni mwonekano tu, usiwe na haraka. Ukiwa unanyonyesha, subiri miezi mitatu hadi sita baada ya kumwachisha mtoto, maana titi bado linabadilika. Unapanga kuzaa tena? Mwambie daktari, kwani mkato wa kuzunguka chuchu unaweza kukata mirija ya maziwa.

Usisubiri ukiona titi limekuwa gumu, linauma na kubadilika umbo, au lina wekundu na homa. Titi moja likivimba miaka kadhaa baada ya upasuaji, nenda hospitali hata kama haliumi. Mara chache hiyo huwa dalili ya saratani ya mfumo wa kinga, inayohusishwa hasa na vipandikizi vyenye uso wa kukwaruza. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni aina yake ya BIOCELL kwa sababu hiyo. Kama unavyo na huna dalili, mamlaka ya dawa ya Marekani haishauri kuvitoa. Tunza kadi yenye jina na namba ya kipandikizi chako. Ukiipoteza, omba kumbukumbu hospitali ulikofanyiwa.

Vya jeli vinaweza kupasuka kimyakimya. Mamlaka hiyo hiyo inashauri kipimo cha ultrasaundi au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya kuwekwa, kisha kila miaka 2 hadi 3.

Baada ya upasuaji hutainua ndoo wala kumbeba mtoto kwa wiki kadhaa. Tafuta wa kukusaidia kabla ya kukubali tarehe.