Hesabu za Dawa Kilwa

Nangurukuru ni njia panda, takriban kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam. Barabara kuu inapita hapo kuelekea Lindi na Mtwara. Mashariki inachepuka njia ya Kilwa Masoko, makao makuu ya wilaya, na Kilwa Kivinje yenye Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga. Magharibi inaondoka barabara ya Njinjo, Miguruwe na Liwale, kilomita zipatazo 230 ambazo serikali imekuwa ikiahidi lami kwa bajeti nyingi mfululizo. Dawa zinazokwenda kwenye zahanati za bara ya Kilwa hupita hapa, na taarifa za fedha na dawa kutoka zahanati hizo hurudi kwa njia hiyo hiyo kwenda Masoko, Lindi na Dodoma. Tangu enzi za boma, hesabu za afya katika pwani hii zimeandikwa kwa ajili ya aliye juu. Mgonjwa aliyechangia fedha hizo kwa kodi, kwa kadi au kwa noti mkononi amekuwa wa mwisho kuzisoma.

Wajerumani waliifanya Kilwa Kivinje boma la wilaya, na kuanzia 1898 wakatoza kodi ya nyumba. Fedha hizo zilikusanywa na maakida, watumishi wa utawala huo, zikapelekwa bomani, na watu wa Umatumbi walioilipa hawakuwa na pa kuulizia zilivyotumika. Vita vya Majimaji vilianzia katika vilima vya Umatumbi Julai 1905, na kodi pamoja na kazi ya lazima katika mashamba ya pamba ni miongoni mwa sababu ambazo wanahistoria wengi wanazitaja. Baada ya vita ilikuja njaa. Huduma ya tiba ya serikali wakati huo ilikuwa kwanza kwa askari na watumishi wake, na ikawafikia raia hasa pale ndui au tauni ilipotishia bandari.

Chini ya Waingereza jambo moja lilibadilika kwa namna inayostahili kuangaliwa. Mwaka 1926, chini ya mfumo wa utawala wa wenyeji ulioletwa na Gavana Donald Cameron, Idara ya Tiba ilianza kufundisha vijana wa vijijini kusafisha vidonda na kugawa dawa chache za msingi, na zahanati zao ndogo zikawa zinalipiwa na hazina za wenyeji. Kwa mara ya kwanza mshahara wa mtoa dawa ulitoka katika mfuko wa mahali palepale anapofanyia kazi. Lakini kitabu cha hazina kilikaguliwa na mkuu wa wilaya, Mwingereza, naye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya bajeti. Mlipa kodi wa Njinjo aliijua zahanati yake ilipo. Kilichotengwa kwa ajili yake hakukijua.

Uhuru ulileta ahadi ya afya bure, na Azimio la Arusha la 1967 likaipa uzito. Kuanzia 1972 serikali iliielekeza bajeti ya afya vijijini, na vijiji vya ujamaa vikawa mahali pa kujengea zahanati. Mwaka huohuo wa 1972, hata hivyo, mpango ulioitwa madaraka mikoani ulizifuta halmashauri za wilaya. Nafasi zake zilichukuliwa na maofisa wa serikali kuu waliowajibika kwa wizara, si kwa wapiga kura. Ni vigumu kuusifu mpango huo kwa upande wa hesabu. Kwa zaidi ya miaka kumi, katika kipindi kile kile ambacho zahanati zilikuwa zinaongezeka kuliko wakati wowote kabla yake, hapakuwa na baraza la madiwani la kuuliza fedha zimekwenda wapi. Sheria ya 1977 iliyopiga marufuku hospitali binafsi za biashara iliongeza uzito wa jambo hilo, kwa kuwa mgonjwa aliyekosa dawa zahanati alibakiwa na misheni, kama ile ya Kipatimu, au mganga wa kienyeji. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za 1982 na kuanza tena kazi 1984, zikikuta maghala matupu na serikali isiyo na fedha za kigeni.

Pengo la dawa lilizibwa na wafadhili. Kuanzia 1983, kwa msaada wa Denmark na UNICEF, kila zahanati ilipelekewa sanduku la dawa muhimu lililofungwa tayari. Sanduku lilikuwa na sifa moja kubwa: lilifika likiwa na lakiri, na aliyelifungua alitia saini mbele ya watu. Udhaifu wake ulikuwa kwamba yaliyomo yalikuwa yaleyale nchi nzima. Katika wilaya yenye malaria mwaka mzima, dawa ya homa iliisha mapema huku nyingine zikikaa rafuni hadi tarehe yake kupita. Hesabu ilikuwa safi kwenye karatasi, kwani masanduku yaliyotoka yalilingana na yaliyopokelewa, na bado mtoto mwenye homa alirudishwa nyumbani bila kidonge.

Sheria Na. 13 ya 1993 iliunda Bohari ya Dawa, ambayo watu wengi wanaiita MSD, nayo ikaanza kazi 1994 mahali pa bohari kuu ya zamani ya wizara. Taasisi hii ilitakiwa kujiendesha: inunue, itunze, isambaze, na wizara iilipe. Kanda yake ya Mtwara ndiyo inayohudumia Lindi. Kwa miaka mingi lori lilishusha mzigo kwa mganga mkuu wa wilaya, kisha wilaya ikatafuta gari na mafuta ya kuupeleka vituoni. Katika masika, mto Matandu ukijaa, mzigo wa Njinjo ulingoja. Baadaye MSD ilianza kufikisha dawa hadi mlangoni mwa kituo, na kamati ya kituo ikapewa kazi ya kuhesabu na kutia saini.

Mwaka 1993 ndipo pia uchangiaji ulipoanza hospitalini. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulijaribiwa wilayani Igunga 1996 na kuwekewa sheria 2001. Kaya ilikata kadi kwa mwaka, mara nyingi kwa shilingi 10,000 au pungufu yake, na asiye na kadi alilipa papo kwa papo. Serikali iliahidi kuongeza kiasi kilekile kilichokusanywa, utaratibu uliojulikana kama tele kwa tele. Hapa ndipo kuchelewa kwa kanuni kulipoanza kuonekana wazi. Sheria ya Bunge haikutosha peke yake. Kila halmashauri ilipaswa kutunga sheria ndogo, kuipitisha barazani, kuipeleka juu na kungoja kibali. Baada ya hapo ilipaswa kuomba tele kwa tele kwa kuambatanisha taarifa za makusanyo. Halmashauri isiyo na mhasibu wa kutosha ilichelewa kuomba, ikachelewa kulipwa, na mwenye kadi akakuta zahanati haina dawa ileile aliyoilipia mapema. Wengi hawakukata kadi ya mwaka wa pili, na walikuwa na haki ya kutokata.

Kwa upande wa fedha zenyewe, ufuatiliaji wa matumizi ya umma uliofanyika 1999 ulikadiria kwamba karibu sehemu mbili kati ya tano za fedha za afya zisizo za mishahara hazikuwafikia waliokusudiwa. Nyingi hazikuibwa kwa maana ya kawaida. Zilikaa wilayani, zikalipia mafuta, posho na madeni ya idara nyingine. Zahanati haikuwa na akaunti, wala haikujua kiasi kilichotengwa kwa jina lake, hivyo haikuwa na cha kudai. Udhaifu huu ni mkubwa kuliko wizi, kwa kuwa haumwachi mtu wa kushtakiwa.

Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anayejulikana kwa kifupi kama CAG, amewekwa na Ibara ya 143 ya Katiba, na Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008 ilimpa nafasi pana zaidi. Mwaka wa fedha unaishia 30 Juni. Halmashauri ina miezi mitatu ya kufunga hesabu. CAG humkabidhi Rais ripoti ifikapo 31 Machi, na ripoti hupelekwa bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kuanza. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwahoji wakurugenzi miezi kadhaa baadaye. Dawa iliyokosekana zahanati mwezi Agosti, basi, haiwezi kuulizwa hadharani kwa njia hii kabla ya Aprili ya mwaka wa pili. Halmashauri inaweza kupata hati safi katika muda huo, kwa sababu hati inahusu usahihi wa vitabu. Haisemi kama rafu ilikuwa na dawa.

Mwaka 2012 ulionyesha kwamba ripoti hizo zina meno pale Bunge linapotaka. Madaktari waligoma Januari na Februari, na 9 Februari Waziri Mkuu Mizengo Pinda akatangaza kuwasimamisha kazi Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya na Mganga Mkuu wa Serikali. Aprili, baada ya ripoti ya CAG Ludovick Utouh, wabunge walianza kukusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, na Mei Rais Jakaya Kikwete akabadilisha baraza la mawaziri, waziri wa afya akiwa miongoni mwa walioondoka. Baadaye mwaka huo vigogo wa MSD walisimamishwa kwa sababu ya dawa bandia za kufubaza virusi vya UKIMWI.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011 inatoa mfano mwingine wa kungoja. Ilipitishwa ili kurekebisha ununuzi wa umma, wa dawa ukiwamo, lakini ilianza kutumika Desemba 2013 baada ya kanuni zake kutoka. Kwa miaka miwili MSD na halmashauri ziliendelea kununua kwa sheria ambayo Bunge lenyewe lilikwisha kuamua kuiacha. Wakati huohuo deni la serikali kwa MSD lilikua, na kufikia mwishoni mwa 2014 bohari ilikuwa inazibana hata hospitali kubwa, Muhimbili ikiwamo. Deni hilo halikuwa la zahanati za vijijini kama Miguruwe. Zilipata pungufu kwa sababu ya deni la wengine.

Mageuzi yaliyoleta tofauti ya kweli kijijini yalikuja 2017/18. Fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo, badala ya kupitia wilayani. Mganga mfawidhi alianza kuandika mapato na matumizi katika mfumo mmoja wa kihasibu, na kamati ya usimamizi ikapitisha mpango. Mwaka 2018 mfumo wa mshitiri, uliojaribiwa Dodoma kuanzia 2014, ulienea nchi nzima: kituo kilichokosa dawa MSD kiliruhusiwa kununua kwa mzabuni mmoja wa mkoa. Si kila kituo kilikuwa na mtu wa kuandika hesabu hizo. Mara nyingi ni muuguzi mmoja anayezalisha, anayechanja na anayejaza vitabu usiku. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza kiasi cha fedha cha zahanati kilijulikana katika zahanati yenyewe.

Miaka iliyofuata ilileta fedha nyingi kwa haraka. Tozo za miamala ya simu za 2021 na mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kupambana na UVIKO-19 vilijenga vituo vya afya na majengo ya dharura, mengi kwa mtindo wa fosi akaunti, yaani fundi wa mtaani chini ya kamati ya wananchi. Ukaguzi ulikuta majengo yaliyokamilika yasiyo na vifaa wala watumishi. Kwa upande wa MSD, ulikuta malipo ya awali kwa bidhaa ambazo hazikuwa zimefika, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akamteua Mavere Tukai kuwa Mkurugenzi Mkuu mpya. Kilwa ina pia mapato yake: ushuru wa huduma kutokana na gesi ya Songosongo, iliyogunduliwa 1974 na kuanza kuuzwa 2004. Halmashauri yenye chanzo cha aina hiyo ina kisingizio kidogo kuliko nyingine zahanati zake zinapokosa glovu.

Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulifikishwa bungeni 2022, ukaahirishwa zaidi ya mara moja kwa sababu chanzo cha fedha za kuwalipia wasio na uwezo hakikuwa wazi, na ukapitishwa Novemba 2023. Kanuni zilifuata 2024. Katika muda huo wote CHF iliyoboreshwa, yenye kadi ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, iliendelea kuuzwa kwa watu waliokuwa wanasikia kwamba inakuja bima nyingine. Linganisha na barabara: mvua za Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, zilikata barabara kuu Somanga, kaskazini mwa Nangurukuru, na magari ya kutoka Dar es Salaam yakakwama. Jambo hilo halikuwa na kanuni ya kungoja, na barabara ilifunguliwa ndani ya siku chache kwa sababu viongozi walikuwa pale na nchi nzima ilikuwa inatazama.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe humo. Fedha za zahanati sasa zina akaunti, mpango na kamati yenye majina yanayojulikana kijijini. Mwanakijiji wa Njinjo au Nangurukuru anaweza kudai taarifa hiyo isomwe katika mkutano unaofuata, pamoja na orodha ya dawa zilizoagizwa na zilizopokelewa, bila kungoja Machi ya CAG wala kanuni yoyote mpya.