Mlimani Kati ya Maandamano Mawili

Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa chuo kikuu cha Mlimani waliteremka mjini Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Bango mojawapo lilidai kwamba enzi za mkoloni zilikuwa afadhali. Rais Nyerere alighadhibika, akawarudisha makwao karibu 400, kisha akaupunguza na mshahara wake mwenyewe. Machi 1978 Mlimani iliandamana tena, safari hii dhidi ya nyongeza ya mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge. Wale wa kwanza walitetea mifuko yao. Hawa waliuliza wakubwa wanajilipa kwa jasho la nani. Nashikilia kwamba swali hilo lilikomazwa na vyama vya wanafunzi wenyewe.

Wapo watakaosema ni Azimio la Arusha la 1967 lililowabadili. Ni kweli, lakini nusu tu. Azimio lilitoa lugha ya ujamaa na usawa. Kuitumia lugha hiyo kumhoji aliyeitoa ni jambo jingine, na hilo lilifanywa na USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi kilichoundwa mwaka huohuo chini ya uenyekiti wa Yoweri Museveni. Wanachama wake walikutana Jumapili kusoma na kubishana, Walter Rodney akiwa miongoni mwa walimu waliowaunga mkono. Mwaka 1969 wakaanzisha jarida, Cheche, na mwaka uliofuata likachapa makala ndefu ya Issa Shivji iliyohoji kama mashirika yaliyotaifishwa yalikuwa yametoka kweli mikononi mwa mabepari wa nje. Novemba 1970 serikali ilipiga marufuku chama na jarida kwa pamoja. Kama wangekuwa wanarudia Azimio tu, marufuku ya nini?

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni kwamba wanachama wa USARF walikuwa wachache, tena wengine si Watanzania, na kufikia 1978 walikuwa wamekwishaondoka chuoni. Sawa. Ila mjadala haukuondoka nao: tawi la vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, lilitoa jarida jingine, Maji Maji, na waandishi walewale waliendelea kuandika humo. Wenye mamlaka walilielewa hilo vizuri kuliko wanaowabeza wanafunzi hao leo. Baada ya maandamano ya 1978 hawakuishia kuwafukuza waandamanaji. Chama cha wanafunzi, DUSO, kilifutwa, na mahali pake ikawekwa MUWATA, chini ya mwavuli wa chama tawala.