Daktari wa Nyani Aliyefungua Njia ya Utekaji wa Kompyuta Duniani

Ukisikia neno "mdukuzi", picha inayokuja kichwani ni kijana mwenye kofia ya hudi, chumba cha giza, kioo kimejaa maandishi ya kijani. Sasa futa hiyo picha. Mtu anayetajwa kuwa wa kwanza duniani kuteka kompyuta za watu na kudai hela alikuwa mwanasayansi mwenye ndevu, mwenye shahada ya uzamivu ya biolojia kutoka Harvard, ambaye miaka yake mingi ilipita akichunguza nyani. Na nyani wenyewe walikuwa Kenya.

Mwaka ni 1989. Mtandao kama tunaoujua leo bado haujafika kwa watu. Simu ni za mezani, kompyuta ni za ofisini, na faili likihama linahama kwa disketi. Gonjwa linalotisha dunia nzima ni UKIMWI. Dawa za kuurefusha uhai bado ni za kubahatisha, na kila mtu anataka kujua jambo moja tu: je, mimi niko salama?

Daktari yule alikijua kiu hicho vizuri, maana alikuwa anajihusisha na kazi za UKIMWI. Desemba ya mwaka huo, kutoka London, disketi kama 20,000 zikatumwa kwa posta kwenda nchi nyingi. Waliopokea ni wasomaji wa jarida la kompyuta, pamoja na watu waliowahi kuhudhuria mkutano wa UKIMWI wa Shirika la Afya Duniani. Juu ya disketi kumeandikwa kwamba ni taarifa kuhusu UKIMWI. Nani angekataa?

Ukiiweka kwenye kompyuta, programu inakuuliza maswali kuhusu maisha yako, kisha inakupa jibu kama uko kwenye hatari au la. Inafanya kazi kweli! Mtu anaridhika, anazima mashine, anarudi nyumbani kulala.

Kumbe kuna mgeni amebaki ndani. Kila kompyuta ikiwashwa, anahesabu. Ikifika karibu mara ya 90, majina ya mafaili yanavurugwa, folda zinafichwa, na kwenye kioo unatokea ujumbe: washa printa. Printa inatoa ankara. Lipa dola 189 kwa sanduku la posta huko Panama, la sivyo kazi zako uzisahau. Ukitaka leseni ya maisha, dola 378.

Chekesho ni kwamba jamaa alikuwa ameonya. Ndani ya kifurushi kulikuwa na karatasi ya masharti, imeandikwa kwa herufi ndogo, ikisema asiyelipa atakiona. Hakuna aliyesoma. Kama wewe unavyobonyeza "Nakubali" bila kusoma, na wao mwaka 1989 walikuwa hivyohivyo.

Taharuki ikawa kubwa. Wapo waliofuta kila kitu kwa woga, na iliripotiwa kuwa taasisi moja ya UKIMWI nchini Italia ilipoteza kazi ya miaka kumi. Hapo ndipo utani unapoisha, maana zile zilikuwa kumbukumbu za utafiti kuhusu ugonjwa uliokuwa unaua watu. Kilichouma zaidi ni kwamba mafaili yenyewe hayakuwa yameharibiwa, ni majina tu. Wataalamu waliichambua ile programu na kutoa dawa ya bure. Waliotulia waliokoa kazi zao, waliokurupuka walizika.

Daktari alinaswa kihoja. Akitoka Nairobi kwenye semina ya UKIMWI, akipitia uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, aliandika kwenye begi la abiria mwenzake kwamba yeye amelishwa sumu. Polisi wakamtilia shaka, na kwenye mzigo wake kukakutwa vitu vyenye jina la kampuni ileile iliyokuwa kwenye ankara. Baadaye akakamatwa Marekani, akapelekwa Uingereza kujibu mashtaka. Utetezi wake? Kwamba faida ilikuwa iende kwenye utafiti wa UKIMWI.

Kesi haikufika mbali. Magazeti yaliripoti kwamba alianza kuvaa boksi kichwani, kuweka vibana nywele kwenye ndevu ati kujikinga na mionzi, na kuvaa kondomu puani. Mwaka 1991 ikaamuliwa kwamba hali yake ya akili haimruhusu kushtakiwa. Wapo walioamini anaumwa, wapo waliosema anaigiza. Siri hiyo alikufa nayo.

Kilichobaki ni mbinu. Tatizo la daktari lilikuwa malipo: nani atume dola mpaka Panama kwa posta, na polisi wasijue sanduku ni la nani? Bitcoin ilipokuja, tatizo hilo likaisha. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kikaenea kwa kasi ya ajabu, zaidi ya nchi 150 ndani ya siku chache, kikidai dola 300 kwa kila mashine. Hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu ya wagonjwa. Marekani na Uingereza zikainyooshea kidole Korea Kaskazini, ambayo ilikana.

Aliyekizuia? Kijana wa Kiingereza wa miaka 22, tena akiwa kwenye mapumziko. Aliona ndani ya kirusi kuna anwani ya tovuti isiyo na mwenyewe, akainunua kwa dola zisizofika 11. Kirusi kikakata moto. Akawa shujaa wa dunia. Miezi mitatu baadaye FBI wakamkamata Las Vegas, kwa sababu ya programu ya kuiba taarifa za benki aliyoitengeneza alipokuwa bado kijana mdogo. Alikiri, na mwaka 2019 hakimu akamwacha huru kwa muda aliokwisha kutumikia, akizingatia kwamba alikuwa amebadilika.

Cha kuuma zaidi kwenye WannaCry ni kwamba Microsoft ilikuwa imeshatoa kinga miezi miwili kabla. Watu walipuuza tu ule ujumbe wa "sasisha sasa". Unaujua, wewe pia huwa unauahirisha.

Leo disketi hakuna, lakini mchezo ni uleule. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unategemea haraka yako, linki ya "umeshinda" inategemea tamaa yako, na disketi ya daktari ilitegemea woga. Kwa hiyo weka nakala ya picha na kazi zako mahali pengine, sasisha simu yako, na ujumbe ukikuharakisha, tulia kwanza. Wale wa 1989 waliotulia ndio waliobaki na mafaili yao.